Sanda ya Cherehani

Kwa heshima na taadhima, na kwa kuwa waliopaswa kulitangaza jambo hili wako semina, wananchi wote wa Kahama, Shinyanga, Geita na kambi za wachimbaji ambazo bado hazijapata jina wanatangaziwa kwamba Kanda ya Ziwa imempata marehemu wake wa kudumu. Anaitwa Bi Chausiku Salmini. Ana miaka hamsini na ushee, ni fundi cherehani wa Nyahanga, na mpaka jana jioni alikuwa hai, akigombana na muuza mkaa. Katika utumishi wake uliotukuka ameua watu kwa panga, kwa jembe, kwa mwiko wa ugali na, siku ambayo bajeti ilikwisha kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwatazama tu. Mwenyezi Mungu amzidishie nguvu za mkono.

Umarehemu wenyewe hakuutafuta. Ulimfuata kwenye cherehani.

Kulikuwa na kijana anaitwa Eustace, mpiga video za harusi aliyechoshwa na harusi. Alisema maharusi wote wanakata keki kwa namna moja, na kwamba angalau kwenye kifo kila mtu ana mtindo wake. Akaandika filamu, akaiita *Duara la Marehemu*. Duara, kwa asiyejua, ni shimo la wachimbaji wadogo. Hadithi yake haikuhitaji daftari: tajiri mmoja anamzika mkewe mpya ndani ya duara ili dhahabu itoke, dhahabu inatoka, na mke naye anatoka, akiwa na panga. Basi. Saa nzima iliyobaki ni kukimbia.

Eustace alimpelekea Bi Chausiku kitambaa cheupe ashone sanda. Bi Chausiku hakuwa na mtu wa kumpimia, akajipima mwenyewe. Siku ya kupiga picha, binti aliyepangwa kuwa marehemu aliifungua ile nguo, akaiona ni sanda kweli, akasema mama yake amepiga simu. Hakurudi. Sanda ilibaki, na mtu pekee duniani aliyeenea humo alikuwa fundi.

"Eustace mwanangu, mimi Mwislamu. Nitaendaje kuvaa sanda na bado napumua?"

"Mama Swaumu," Eustace akamwita kwa jina la mwanawe, "ni dakika tano tu."

Bi Chausiku akaitazama nguo, akaipapasa pindo, na hapo akapata fatwa yake mwenyewe. "Sanda haishonwi," akasema. "Maiti hazungushwi uzi wa cherehani. Hii imeshapita kwenye mashine, kwa hiyo ni gauni." Akalivaa gauni, akashika panga, akaanza kazi.

Lazima tuseme ukweli kuhusu filamu hiyo, kwa kuwa ukweli ndio unaoipendezesha. Usiku wake wote ni mchana uliopakwa rangi ya bluu, sababu Eustace hakuwa na taa. Damu ni juisi ya rozela. Kwenye sehemu ya pili marehemu anapiga chafya kaburini. Kwenye sehemu ya tatu mbuzi anapita katikati ya mauaji, anasimama, anamtazama muuaji, anaondoka. Na kwenye sehemu zote nne marehemu amevaa saa ya mkononi, maana Bi Chausiku aligoma kuivua: alikuwa ameacha maharage jikoni.

Sasa nenda kwenye vibanda umiza vya kambini, kule turubai linapokuwa ukuta na paa kwa pamoja, na televisheni moja inatazamwa na wanaume walioshikana mabega. Marehemu akiinua panga, banda zima linauliza, "Mama, saa ngapi?" Akipiga chafya wanajibu, "Afya!" Yule mbuzi ana mashabiki wake. Wanajua nani atakufa: anayeenda kukojoa peke yake. Wanamwonya, wanamtukana, na akichinjwa wanapiga makofi kwa furaha ya mtu aliyesema toka mwanzo. Filamu za nje zenye mazimwi ya kompyuta na vioo vya ghorofa kuvunjika huwa zinasinziliwa. Hii haisinziliwi. Ukimwuliza mchimbaji kwa nini anaipenda, anakujibu kwa kukusimulia yote tangu mwanzo.

Bi Chausiku mwenyewe hakuwa na habari na hayo. Alikuwa na shida ya choo.

Alikuwa amepanga chumba Nyahanga, na mwenye nyumba alishamwambia kwa upole kwamba kijana wake anaoa, hivyo mvua zikianza chumba kiwe wazi. Pembeni ya mji Bi Chausiku alikuwa na kiwanja chake, alichokilea kama mtoto mgonjwa: mwaka huu mawe, mwaka ujao saruji, mwaka mwingine hakuna. Msingi ulikuwa umesimama wote, na chumba kimoja kilikuwa na kuta zinazongoja bati. Kilichokosekana ni shimo la choo. Fundi wa kuchimba alishuka mpaka usawa wa kiuno, akagonga mwamba, akatoka, akasema, "Mama, hapa ni jiwe tupu, ngoja nikanywe chai." Mpaka leo anakunywa.

Eustace alipoliona shimo lile alilia kwa furaha. "Duara letu hili hapa!" Ndimo alimotokea marehemu sehemu zote nne, akijikunja ili kina kisionekane. Ule mwamba Eustace aliupaka rangi ya dhahabu, ile ya kupakia mageti, na kamera ikausogelea huku muziki ukipanda.

Wiki chache baada ya sehemu ya nne kusambaa kwenye simu za watu, Shadya alikuja mbio mpaka kwenye cherehani. Shadya ni mpangaji mwenzake, anauza maandazi jirani na kile kiwanja, na habari huwa anazileta zikiwa za moto kama bidhaa zake.

"Mama Swaumu, wageni wako wamefika kiwanjani."

"Wageni gani? Sijaalika mtu."

"Sijui. Ila wamekuja na sufuria la ugali, lile la msibani. Wageni wa namna hiyo hawaondoki leo."

Bi Chausiku alikuta pikipiki zimelazwa kwenye msingi wake, sururu, nyundo, kamba, na vijana waliovua mashati. Mkubwa wao alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya pole, anaitwa Mabula, ametokea upande wa Geita. Akavua kofia.

"Shikamoo mayu," akamwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Mnachimba nini kwenye choo changu?"

Mabula akatoa simu. Alikuwa ameisimamisha filamu mahali marehemu anamkata tajiri shingo, na kwa vidole viwili akaikuza picha mpaka tajiri akatoka, marehemu akatoka, likabaki jiwe.

"Mwanangu, hiyo ni rangi ya geti!"

"Rangi ni rangi mayu, hilo hatubishani. Sisi tunasema jiwe lililo chini ya rangi. Angalia hapa kwenye kona haikupakwa vizuri. Jiwe jeupe, lina mistari ya kutu. Jiwe la namna hiyo tumelikimbilia mapori yote tukilitafuta, wewe umelifanya choo."

"Yaani nyinyi mlikuwa mnatazama jiwe? Mimi pale mbele namchinja mtu!"

"Tulikuona, mayu. Ulichinja vizuri. Ila ulituzibia mwamba kidogo."

Bi Chausiku akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, bwana Stanslaus, kushtaki. Mwenyekiti alimsikiliza kwa uso wa kiserikali, akakunja nne, akatikisa kichwa pale panapostahili. Alipomaliza akauliza swali moja tu: "Hilo jiwe ni jeupe kweli?" Kesho yake alionekana kiwanjani amevaa gambuti mpya, akisema amekuja kuhakikisha amani.

Hapo ndipo usingizi ulipomhama Bi Chausiku. Alikuwa akikaa kwenye cherehani anasimama. Akisimama anaondoka. Anafika kiwanjani, anatazama, anarudi Nyahanga, na kabla hajavua kandambili anageuka tena. Sindano zilivunjika. Mteja mmoja alirudisha suruali ya shule ya mwanawe, mguu mmoja umeshonwa chini kama mfuko. "Fundi, mwanangu ana miguu miwili." "Najua. Huo mwingine ngoja akue." Hata yeye hakujua alimaanisha nini.

Shimo peke yake lisingemkosesha raha. Mtu akikuchimbia choo bure unamshukuru. Tabu ilianza pale Mabula alipotoka chini na mavumbi kwenye kope, akasema mwamba umelala kuelekea mashariki na wao wataufuata. Mashariki ya shimo ni msingi. Ukichimba pango chini ya msingi, msingi unabaki umekalia hewa, na mvua ya kwanza ikija, miaka yote ya kushona inashuka chini kwa sekunde moja.

"Mabula baba, si mchimbe tu kwenda chini?"

"Mayu, dhahabu haifuati mipango miji."

Shadya ndiye aliyetoa wazo. "Wewe si marehemu? Watokee!"

Wazo zuri, lenye kasoro moja. Marehemu mwenyewe anaogopa giza. Usiku hata uani haendi bila kumwita Shadya asimame mlangoni na tochi. Kwa hiyo aliwatokea saa saba mchana. Jua la Kahama liko utosini, sanda nyeupe inaumiza macho, panga mkononi, saa mkononi. Akapanda juu ya rundo la kifusi, akanyoosha mkono kama Eustace alivyomfundisha, akatoa ile sauti ya kaburini.

Vijana wakaacha kazi. Wakamtazama kwa adabu. Kisha mmoja akainamisha kichwa, "Shikamoo marehemu."

"Marahaba wanangu," akajibu Bi Chausiku. Lilimtoka lenyewe. Mtu aliyelelewa hawezi kuiacha shikamoo ikielea hewani.

Wakamletea kiti. Wakampakulia ugali na dagaa. Na jioni ile ile habari ilifika kambi zote kwamba pale panachimbwa kwa uhakika sasa, na asubuhi pikipiki ziliongezeka maradufu.

"Lakini mnajua ni mimi!" Bi Chausiku alikuwa amemlalamikia Mabula mchana ule ule, bado yuko na sanda, tonge la ugali mkononi. "Mnanijua, Mama Swaumu, fundi!"

"Tunakujua sana. Ndiyo maana tukajiuliza: mama mtu mzima, mwenye kazi zake, kwa nini avae sanda juani kulinda shimo lisilo na kitu?"

Akala. Ugali ulikuwa mzuri, na hilo nalo lilimuudhi. Baada ya muda akauliza jambo lililomkera tangu aone wanavyomheshimu.

"Nyinyi kila siku mnashuka shimoni, ardhi inaweza kuwaangukia. Mkitoka, mnakwenda bandani kutazama watu wanakufa. Hamchoki na kifo?"

Mabula alichora chini kwa kijiti. "Filamu yako ina kanuni, mayu. Aliyegusa dhahabu ya mwenzake anakufa, asiyegusa anaamka salama. Na kabla ya kufa wanakupa taarifa. Mbwa anabweka, taa inazima, muziki unaanza. Mdogo wangu, Benjamini, alishuka asubuhi ananisimulia habari za mkwewe, jinsi alivyomkuta amelewa. Hakumaliza. Matimba hayakuwepo, ile miti ya kushikilia ukuta, tulikuwa tunafuata mwamba pembeni kwa haraka. Hakuna mbwa aliyebweka. Hakuna muziki. Wala hakuwa amegusa cha mtu." Akakitupa kijiti. "Mimi nikiusikia ule muziki wa Eustace nafurahi. Nasema, angalau huyu kaambiwa."

Bi Chausiku alirudi nyumbani kwa mguu, na watoto walimkimbia njia nzima, maana alisahau kuvua. Kichwani lilikuwa linazunguka neno moja. Kanuni. Watu hawa hawaogopi marehemu. Wanaogopa kukosa kanuni.

Asubuhi alimkuta Eustace anachaji betri.

"Nataka sehemu nyingine. Fupi. Leo."

"Mama, sanaa haikimbizwi. Hadithi haijafika huko."

"Hadithi imefika kwenye msingi wangu. Chukua kamera."

Walipigia palepale kwenye shimo, na wachimbaji walikubali kusimamisha kazi kwa shangwe, kila mmoja akitaka kufa. Mwenyekiti Stanslaus aliomba auawe akiwa amekaa, kwa sababu ya cheo. Lakini Bi Chausiku alikwishachagua wake. "Mabula. Wewe utakuwa mchimbaji anayegeuka kwenda pembeni."

Mabula akashuka. Akainua nyundo, akaugeukia ukuta wa mashariki, akagonga mara moja. Eustace akawasha muziki kwenye spika. Mtu mmoja juu, bila kuambiwa, akabweka kama mbwa. Udongo ukamwagwa kidogo kwa beleshi, na marehemu akainuka nyuma yake, ametanda mweupe, saa inang'aa.

"Chini ni kwenu," akasema. "Pembeni ni kwangu."

Akamkata. Mabula akaanguka vizuri kuliko waigizaji wote wa Eustace, akalala na rozela shingoni, macho yametazama juu. Eustace akasema imetosha. Mabula hakuinuka. Wakamwita. Akabaki vilevile, na muziki unaendelea, mpaka ulipokwisha wenyewe. Ndipo akakaa, akajifuta uso kwa kiganja, akasema, "Sawa. Sasa imekwisha," na hakuna aliyemtania.

Alipopanda juu alimvuta Bi Chausiku kando. "Najua unachofanya, mayu. Ni msingi wako."

"Ni msingi wangu," akakiri.

"Vijana hawa nimewaambia tusiende pembeni bila matimba, wakaniona nimezeeka. Mimi ni msimamizi tu. Wewe ni marehemu, watakusikia. Wabeja, asante sana."

Kipande kile kilisambaa kwenye simu kabla jua halijazama. Asubuhi Bi Chausiku alikwenda kiwanjani, akachungulia. Nyundo zilikuwa zinalia chini kabisa. Kijana mmoja mpya alipouliza kwa nini wasifuate mwamba ulikolala, wenzake walimfokea: "Wewe hujaona sehemu ya tano? Pembeni ni kwake!" Wakampeleka kuiangalia, akarudi kimya, akachimba kwenda chini kama wengine.

Wakapasua mwamba. Wakaupita. Wakapeleka mawe karashani yakasagwa, unga ukaoshwa, mwenyekiti Stanslaus akasimama juu ya beseni na gambuti zake, shingo imerefuka. Hakuna. Wakachimba tena, wakaosha tena. Hakuna hata kumeta kwa kudanganyia mtu. Kisha asubuhi moja ikavuma habari kwamba huko mbele, ng'ambo ya Geita, mtu ameokota jiwe kwenye shamba la mihogo, na saa moja baadaye kiwanjani hapakuwa na pikipiki. Sufuria la ugali walilisahau. Mabula pekee alisubiri amuage mwenyewe.

"Samahani kwa kukuharibia shimo, mayu."

"Limeharibika wapi?" akauliza Bi Chausiku. Na kwa mara ya kwanza tangu wafike, alikaa chini juu ya msingi wake na hakusimama.

Shadya alidondosha jiwe mle ndani. Wakasikiliza. Shadya akamaliza kula andazi, wakaendelea kusikiliza. Hatimaye likasikika, kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Fundi mwingine akaja kumwaga zege juu, bati likapanda kwenye chumba, na mvua ya kwanza ilimkuta Bi Chausiku ndani, mashine yake dirishani, msingi uko palepale ulipokuwa.

Hapo tungekomea, lakini Eustace hakukubali. Akaazima ukumbi mmoja Kambarage, Shinyanga mjini, akajaza maua ya plastiki, akaandaa usiku wa tuzo, ulioanza saa tisa mchana kwa sababu ya umeme. Bi Chausiku akapandishwa jukwaani amevaa dera lake la Idi na ile saa. Mshereheshaji, kijana wa suti ya kung'aa, akamkabidhi kikombe chenye maandishi *Malkia wa Vitisho*, kisha akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mama yetu, nguli wetu, kinara wa hofu! Wasomi wanajiuliza, wachimbaji wanajiuliza, taifa linajiuliza. Filamu isiyo na taa, isiyo na fedha, marehemu anapiga chafya, mbuzi anakatiza, na bado watu kutoka Mwadui mpaka Geita hawabanduki kwenye viti! Kuna siri gani? Ni kiu ya haki? Ni mazungumzo yetu na mauti? Ulipokuwa umesimama mle dimbwini mwa giza, panga mkononi, ni kitu gani hasa, mama, ni kitu gani kilikuwa kinakuita kutoka kilindini?"

Bi Chausiku akaitazama saa, akakiweka kikombe chini taratibu, akasogelea kipaza sauti.

"Choo, baba. Nilikuwa sina choo."